Gauni la Alisi Lina Rangi Gani? Vitabu vya Kupaka Rangi na Usomaji wa Riwaya Pendwa

Msomaji mpendwa, usilifunge jarida kwa sababu ya mada hii. Najua ulilifungua ukitarajia uhakiki wa tamthilia teule au maelekezo ya kujibu swali la ushairi, na sasa unakutana na vitabu vya kupaka rangi. Mwalimu mmoja niliyemdokezea kichwa cha makala haya katika chumba cha walimu alicheka, akaniuliza iwapo nimehamishiwa chekechea. Swali lake lilikuwa la haki na ndilo lililonisukuma kuandika.

Vitabu ninavyokusudia si vya watoto. Ni vile vilivyochapishwa kwa ajili ya watu wazima, hasa vinavyotokana na riwaya pendwa za mfululizo: hadithi za wachawi, za majoka, za wafalme wanaopigania kiti. Ukikifungua kimojawapo hukuti hadithi. Unakuta mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Mnara, farasi, ngao, uso wa msichana. Wewe uliyekwisha kuisoma riwaya ndiwe unayetarajiwa kutia rangi. Wahakiki wengi wameviona kuwa bidhaa za dukani tu, mithili ya fulana na vikombe. Mimi nashikilia kuwa vinatuuliza swali ambalo mwalimu wa fasihi hulikabili kila siku: msomaji ana uhuru kiasi gani mbele ya matini, na ni nani aliyemchorea mipaka ya uhuru huo?

Tuanzie London. Mnamo 1760 hivi, mchapishaji Robert Sayer alitoa kitabu kiitwacho The Florist, chenye michoro 60 ya maua iliyokusudiwa kupakwa rangi na wapenzi wa sanaa. Ikumbukwe kuwa walengwa walikuwa watu wazima wenye nafasi, ambao kwao kupaka rangi kulihesabiwa kuwa sehemu ya malezi bora. Kwa hivyo anayedai kwamba watu wazima wamewapokonya watoto mchezo wao ameisoma historia kinyumenyume. Watoto ndio waliokuja baadaye. Mnamo 1879 kulitokea The Little Folks Painting Book, chenye michoro ya Kate Greenaway, na kampuni ya McLoughlin Brothers ya New York ikavieneza vitabu vya aina hiyo Marekani. Mnamo 1903 Binney & Smith wakaanza kuuza krayoni za Crayola, rangi nane kwa senti tano. Tangu hapo kifaa kikawa rahisi na mchezo ukashuka hadi kwa kila mtoto.

Uhusiano na hadithi za mfululizo ulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Richard Outcault alikuwa mchora katuni wa magazeti ya New York, na mhusika wake Buster Brown, mtoto mtundu aliyezaliwa gazetini mwaka 1902, alikuwa amekwisha kuuza viatu kabla ya kufika kwenye Buster's Paint Book mwaka 1907. Hapa ndipo kitabu cha kupaka rangi kilipoingia katika soko la mhusika mashuhuri. Msomaji wa gazeti alimjua Buster, akamtaka nyumbani, na mchapishaji akampa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Beatrix Potter. Hadithi yake ya sungura Peter aliichapisha kwa gharama yake mwenyewe mwaka 1901, michoro ikiwa karibu yote myeusi na myeupe. Kampuni ya Frederick Warne ilipokubali kuichapisha mwaka 1902, ilitaka rangi, naye Potter akaipaka. Miaka tisa baadaye, 1911, Potter huyohuyo akatoa Peter Rabbit's Painting Book: alirudisha mistari mikononi mwa msomaji, kana kwamba anamwambia, haya, sasa zamu yako. Je, msomaji alikuwa huru? Hata kidogo. Hadithi yenyewe inataja koti la Peter kuwa la buluu lenye vifungo vya shaba. Aliyelipaka jekundu alikuwa ameikosea matini, na hata mtoto wa miaka sita angemsahihisha.

Sasa linganisha na Alisi. Lewis Carroll alichapisha hadithi hiyo mwaka 1865, ikiwa na michoro 42 ya John Tenniel, yote bila rangi. Carroll anatuambia kuwa sungura ni mweupe na macho yake ni ya waridi. Gauni la Alisi hasemi ni la rangi gani. Mwaka 1890 ulipotoka mkusanyo mfupi wa hadithi hiyo kwa watoto wadogo, The Nursery Alice, Tenniel alitia rangi michoro 20, na gauni likawa la manjano. Mwaka 1911 kampuni ya Macmillan ilimpa Harry Theaker kazi ya kutia rangi baadhi ya michoro ya Tenniel, na gauni likawa la buluu. Filamu ya Disney ya 1951 ikalikomaza buluu hilo. Leo hii ukimwuliza mtu yeyote, hata ambaye hajasoma ukurasa mmoja wa Carroll, atakuapia kuwa Alisi huvaa buluu. Rangi iliyotiwa na fundi wa kampuni na studio ya filamu imekuwa kama maneno ya mwandishi.

Wolfgang Iser, mhakiki wa Kijerumani ambaye jina lake halikosi katika mijadala ya nadharia ya upokezi, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji hana budi kuyajaza. Gauni la Alisi ni pengo la aina hiyo. Tatizo linalotuhusu sisi walimu ni kwamba pengo likishajazwa na mwenye sauti kubwa, wasomaji wanaofuata hawalioni tena kuwa pengo.

Kwa bahati njema, Kiswahili kina ushahidi wake. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha tafsiri ya St Lo de Malet, Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Michoro yake ilifuata mtindo wa Tenniel, ila Elisi alichorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Fikiria jambo hilo, msomaji. Mfasiri hakubadilisha jina tu. Mistari yenyewe ilibadilishwa, maana aliyeichora alijua kwamba rangi peke yake haimgeuzi mtu. Ukichukua uso uliochorwa Oxford ukaupaka hudhurungi, utabaki na uso wa Oxford uliopakwa hudhurungi. Tafsiri nyingine, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2015, mwaka uleule ambao vitabu vya kupaka rangi vilijaa madukani Ulaya na Marekani. Napendekeza walimu wazisome zote mbili sambamba, hata kama hazimo katika orodha ya vitabu teule.

Katika hadithi hiyohiyo kuna tukio ambalo lingefaa kuwa nembo ya makala haya. Watunza bustani watatu, ambao ni karata zenye miguu, wanayapaka mawaridi meupe rangi nyekundu kwa sababu walipanda mti usiofaa, na Malkia akigundua watakatwa vichwa. Hao ndio wapaka rangi wa kwanza wa Nchi ya Ajabu, na hawapaki kwa starehe.

Turejee kwenye historia, na hapa nitakwenda mbio kidogo. Mwaka 1961 ilitokea Chicago The Executive Coloring Book, kitabu cha watu wazima kilichowadhihaki mameneja wa ofisini. Mwaka uliofuata kikaja JFK Coloring Book, kilichochorwa na Mort Drucker wa jarida la Mad, kikiibeza familia ya Rais Kennedy kwa sauti ya bintiye mdogo. Mtahiniwa atatambua mbinu hiyo mara moja: ni tashtiti inayojificha nyuma ya umbo la kitoto. Hakuna aliyekinunua kwa sababu ya rangi. Mwaka 1970 kampuni ya Dover ikaanza kutoa vya kupakwa kwelikweli, cha kwanza kikiwa cha magari ya kale, na kwa miongo kadhaa vitabu hivyo vikabaki kona ya duka, vya mwenye kuvitafuta.

Yapo pia masuala ya kisanduku chenyewe. Kwa miaka mingi Crayola walikuwa na krayoni iliyobeba jina la rangi ya mwili, na mwili uliokusudiwa ulikuwa wa Mzungu. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1962, krayoni ikaitwa rangi ya tunda la pichi. Naomba usilipite jambo hili haraka. Kabla mtoto hajagusa karatasi, kabla hajachagua lolote, mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kumwambia mtu ni wa rangi gani. Sisi tuliokulia kwenye katuni za Juha Kalulu gazetini, tukizipaka rangi kwa wino wa kalamu na majani ya mchicha, hatukuwa na kisanduku kama hicho, na pengine tulinusurika somo moja.

Wimbi kubwa lilianzia Uskoti. Johanna Basford aliombwa na mchapishaji Laurence King aandae kitabu cha kupaka rangi cha watoto. Yeye akapendekeza cha watu wazima. Secret Garden kilitoka mwaka 2013 na kufikia 2015 kilikuwa kikiongoza orodha za mauzo. Kwa makadirio ya kampuni ya Nielsen, Marekani iliuza vitabu milioni 1 vya aina hiyo mwaka 2014, na milioni 12 mwaka 2015. Kiwanda cha penseli cha Faber-Castell nchini Ujerumani kililazimika kuongeza zamu.

Wachapishaji wa riwaya pendwa hawakulala. Mnamo Oktoba 2015 vilitoka viwili kwa mpigo: kimoja cha mfululizo wa Outlander wa Diana Gabaldon, na kingine cha riwaya za George R. R. Martin zinazoanzia na A Game of Thrones. Novemba kikafuata cha Harry Potter. Mwaka 2016 Sarah J. Maas akatoa chake cha Throne of Glass. Katika hali ya Martin, mashabiki walikuwa wakingoja juzuu la sita tangu 2011. Walipewa penseli. Mwenye ulimi mkali angesema kwamba msomaji aliyenyimwa sura mpya alifungiwa kwenye sura za zamani ili asiondoke dukani, nami sina jibu la kumnyamazisha.

Hata hivyo, tukivifungua vitabu hivyo kwa jicho la uhakiki, tunagundua kwamba havifanani. Chukua cha Martin. Michoro yake ilichorwa upya na wachoraji watano, wakiwemo John Howe na Yvonne Gilbert, na ulimwengu wanaouchora ni wa nembo za koo. Simba wa Lannister ni wa dhahabu juu ya uwanja mwekundu. Mbwa mwitu wa Stark ni wa kijivu juu ya weupe. Joka la Targaryen ni jekundu juu ya weusi, na lina vichwa vitatu. Rangi hapa si pambo, ni uraia. Katika masimulizi yake ya vita vya ndugu wa ukoo wa Targaryen, pande mbili zinaitwa weusi na kijani kutokana na magauni waliyovaa wanawake wawili siku ya mashindano. Mkenya aliyepiga kura ya maoni Novemba 2005, ndizi upande huu na chungwa upande ule, hahitaji mwongozo wa kumweleza jinsi rangi inavyomeza hoja. Basi anayeipaka ngao ya Stark rangi nyekundu hajakosea sanaa, amehama kambi.

Harry Potter ni jambo jingine kabisa na ndipo penye uhondo. Kitabu cha 2015 hakikutegemea maneno ya J. K. Rowling peke yake. Michoro yake ilitoka katika hazina ya filamu za Warner Bros. Hivyo mpaka rangi anajikuta kati ya matini mbili zinazogombana. Katika riwaya, bweni la Ravenclaw lina buluu na shaba nyeusi. Katika filamu, buluu na fedha. Katika riwaya ya nne, ya 2000, Hermione huenda dansini akiwa na joho la buluu; katika filamu ya 2005 gauni ni la waridi. Macho ya Harry ni ya kijani katika vitabu, tena ukijani huo ni uzi wa msuko, kwa kuwa ni macho ya mama yake; ya mwigizaji ni ya buluu. Mpe mtu penseli na ukurasa huo, naye bila kujua atakuonyesha kama alisoma au alitazama. Sijui mtihani wa ufahamu ulio mwepisi kutunga kuliko huo.

Halafu likaja suala la Hermione mwenyewe. Desemba 2015, wiki chache tu baada ya kitabu hicho kutoka, ilitangazwa kuwa Noma Dumezweni, mwigizaji mweusi aliyezaliwa Swaziland kwa wazazi wa Afrika Kusini, angeigiza Hermione katika tamthilia ya Harry Potter and the Cursed Child jijini London. Ukazuka ubishi. Rowling alimtetea kwa hoja ya kimatini: riwaya inataja macho ya hudhurungi na nywele zilizotimka, na ngozi nyeupe haikutajwa kamwe. Wapo waliochimbua mahali katika riwaya ya tatu ambapo uso wake unatajwa kuwa mweupe. Wakajibiwa kwamba huo ni weupe wa hofu. Huu ni uhakiki, msomaji, tena wa kiwango cha juu, uliofanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasa la fasihi.

Kitabu cha kupaka rangi kilisimama wapi katika ubishi huo? Kinadharia kilikuwa huru kabisa: ukurasa mweupe, msomaji na penseli yake ya rangi yoyote. Kwa hakika hakikuwa huru. Mistari ilikuwa imekwisha kuuchora uso wa Emma Watson, mwigizaji wa filamu, pua yake na mteremko wa nywele zake. Ungeweza kuipaka ngozi hudhurungi na ungempata Emma Watson wa hudhurungi. Aliyechora picha za Elisi mwaka 1940 alilijua hili. Kinachomfunga msomaji si rangi aliyoachiwa bali mstari alioupokea bila kuuliza.

Ndiyo maana nasema mada hii ni yetu. Jiulize mwongozo wa kitabu teule ni kitu gani. Ni mistari iliyochorwa tayari: mhusika huyu ni katili, huyu ni mwenye busara, dhamira kuu ni ufisadi, mbinu ni hizi tisa. Mtahiniwa anaachiwa kutia rangi, yaani mfano mmoja hapa na nukuu moja pale. Nimesahihisha insha nyingi za watahiniwa ambazo zote zilikuwa na uso mmoja, rangi zikitofautiana. Miongozo ina kazi yake, na mimi mwenyewe nimeitumia. Ila mwanafunzi aliyeanza na mwongozo kabla ya riwaya hawezi kujua pengo lilikuwa wapi, sawa na yule anayeapa kwamba gauni ni la buluu.

Nisisahau kumtaja Terry Pratchett. Aliaga dunia Machi 2015, na mwaka uliofuata mchoraji wake Paul Kidby akatoa kitabu cha kupaka rangi cha Discworld. Katika riwaya hizo, tangu The Colour of Magic ya 1983, kuna rangi ya nane ya upinde wa mvua iitwayo octarine, rangi ya uchawi, ambayo huonwa na wachawi na paka tu. Haiuzwi katika kisanduku chochote. Mpaka rangi akifika hapo anakwama, na kukwama huko naona ni heshima kubwa kwa maneno: kuna kitu ambacho lugha inaweza kukitaja, na penseli haiwezi kukifikia. Chuck Palahniuk naye alijaribu njia ya pili mwaka 2016 kwa kitabu Bait, ambamo hadithi fupi mpya zilichapishwa pamoja na michoro ya kupakwa, ili kusoma na kupaka kufanyike kwa pamoja. Kufikia 2017 wimbi lilikuwa limepoa na maduka ya vitabu ya Marekani yakalalamika kuwa mauzo yameshuka.

Muhula mmoja nilifanya jaribio na kidato cha tatu. Nilirudufu mchoro mmoja wa Tenniel, nikawasomea kwa Kiswahili ukurasa unaohusika, nikawagawia penseli za rangi zilizochangwa na darasa. Sharti lilikuwa moja. Kando ya kila rangi, mwanafunzi aandike neno la matini lililomruhusu. Na kama matini imenyamaza, aandike "kimya" kisha aeleze kwa nini amechagua rangi hiyo. Kelele zilikuwa nyingi. Wengi walilipaka gauni buluu, kisha wakatafuta neno la kuwatetea wakalikosa, wakashtuka kweli. Msichana mmoja hakulipaka kabisa. Aliandika kwamba mwandishi hakusema, naye hawezi kumsemea. Mwingine alilipaka kijani cha sare ya shule yetu, na kando yake akaandika "kimya", na chini ya hapo neno moja tu: "mimi".

Wa kwanza nilimpa alama zote. Huyo wa pili nilimpa nusu. Mwalimu mwenzangu, yuleyule wa chekechea, alipoiona karatasi aliniambia nimemdhulumu, na mpaka leo tukikutana kwenye chai ya saa nne hunikumbusha.